Intaneti ya Kuvundika

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Kulikucha kwa manyunyu, yale mepesi yasiyomlowesha mtu ila humharibia viatu, na ilipofika saa mbili jua likatoka kama mfanyakazi aliyechelewa: kwa haraka na bila kuomba radhi.

Saa hiyo Fundi Mawimbi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, akinyolewa kisogo. Jina la Fundi Mawimbi alijipa mwenyewe. Ufundi hakuwa nao, na mawimbi aliyoyajua ni yale ya ulimi wake. Lakini alivaa shati lenye mfuko kifuani, na ndani ya mfuko aliweka kalamu nne, maana alikwisha kugundua kwamba mwenye kalamu moja huulizwa maswali, mwenye nne huitwa bwana.

"Wiki hii imenikalia vibaya," kinyozi alikuwa akilalama. "Jumatano jogoo wangu kapotea. Alhamisi umeme ukakatika saa ileile ya Tumekuona."

"Tumekuona ndiyo nini?"

"Huijui? Kipindi cha kuumbua matapeli! Unaishi wapi wewe, kisimani? Jengo zima tulikuwa tumeshajipanga kwa mama mwenye nyumba, maana ndiye mwenye king'amuzi kikubwa, kile kinachorekodi; vyetu vidogo havirekodi. Mara pap! Giza. Sasa mashine isiyo na umeme itarekodi nini?"

"Giza."

"Hilohilo giza. Na inasemekana kile cha Alhamisi kilikuwa moto. Wote wenye umeme wanacheka mitaani, sisi tunauliza mnacheka nini, wanasema hamkuona? Inauma."

"Pole sana, ndugu yangu. Na jogoo je?"

"Hapo kwa jogoo usinitoneshe. Yule alikuwa ananiamsha vizuri kuliko mke wangu."

Fundi Mawimbi akajitazama kwenye kioo. Macho yake yakang'aa kama ya paka aliyesikia sufuria ikifunuliwa.

"Huyo mama mwenye nyumba," akauliza taratibu, "ana intaneti?"

"Anayo. Alifungiwa ruta, kile kisanduku cha taa za kijani, ili aongee na mwanawe aliye ng'ambo. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Mtu akikwambia anauliza tu, mpendwa msomaji, shika mfuko wako.

Kazi ya Fundi Mawimbi ilikuwa hivi. King'amuzi cha kisasa, kikubwa au kidogo, kikiunganishwa na intaneti ya nyumbani, mwenyewe anaweza kurudi nyuma na kutazama vipindi vilivyokwisha kupita. Hilo ni kweli, na halina uchawi. Lakini watu wengi mjini walikuwa wamelisikia tu, kama wanavyosikia habari za theluji. Fundi Mawimbi alipita nyumba kwa nyumba akiwauzia "kiunganishi". Kiunganishi chenyewe kilikuwa kisanduku cha sabuni kilichopakwa rangi nyeusi. Ndani yake mlikuwa na betri, taa nyekundu, na kokoto mbili za kukipa uzito, kwa kuwa watu hawaamini kitu chepesi. Kitu pekee cha kweli katika begi lake kilikuwa waya wa manjano, waya halisi wa intaneti, alioununua dukani, mmoja kwa kila nyumba, kwa ajili ya mapambo. Kila alipofika, upande mmoja aliuchomeka nyuma ya king'amuzi, upande wa pili akauficha chini ya kisanduku, taa nyekundu ikawaka, naye akatoa hotuba yake ya kuvundika.

Hotuba hiyo tutaisikia sasa hivi, maana kinyozi hajamaliza kukung'uta shuka na Fundi Mawimbi tayari yuko ghorofa ya pili, anabisha hodi.

Mama mwenye nyumba alimfungulia. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya upole na macho ya mizani ya sokoni. Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo visivyotumika, na juu ya kabati ruta inakonyeza taa zake za kijani. Televisheni ilikaa katikati ya ukuta kama bwana harusi, na king'amuzi kikakaa chini yake kama mpambe.

"Karibu, mwanangu. Nani kakutuma?"

"Makao makuu, mama."

Makao makuu ya nini hakusema, na mama hakuuliza. Neno lenyewe lina suti na tai.

"Tumepata taarifa," Fundi aliendelea, "kwamba mtaa huu ulikosa kipindi siku ya Alhamisi. Tumesikitika. Nimekuja kukuunganishia king'amuzi chako na intaneti, ili kipindi kilichopita kirudi."

"Kirudi? Kilichopita kirudi?"

"Kikujie miguuni, mama. Kama kuku jioni."

Mama mwenye nyumba akageukia televisheni. Kichwani mwake hakuona kipindi. Aliona wapangaji wa milango kumi na moja, kila mmoja na kiu yake.

"Na gharama?"

Fundi akaitaja. Mama akashika kifua.

"Mwanangu, mwezi huu pesa haijui njia ya kuja kwangu. Lakini sikuachi hivihivi. Nina jogoo." Akaingia jikoni, akarudi na tenga lililofunikwa kanga. Tenga likatingishika. "Jogoo wa kisasa. Anaimba kwa zamu. Chukua huyu, na wapangaji wakishaona kwangu inafanya kazi, nani asiyetaka ya kwake? Utaunganisha jengo zima!"

Fundi Mawimbi alifikiri. Jogoo ni mmoja, lakini milango ni kumi na moja. Akakubali. Naye mama akajifunga kanga kiunoni, akateremka ngazi, na kwa muda wa kunywa kikombe cha chai alikuwa amegonga milango yote.

"Fundi wa makao makuu yuko kwangu! Kipindi cha Alhamisi kinarudi leo! Ila ni ghali, jamani, bei iko juu kama pua ya twiga! Kila mlango mchango wake, na kila mtu aje na kiti!"

Wapangaji walichangia. Kinyozi alichangia, mshonaji wa ghorofa ya kwanza alichangia, hata yule mzee asiyesikia vizuri alichangia akidhani ni msiba. Michango ikaingia kwenye kopo la biskuti, kopo likaingia chini ya kitanda, na Fundi Mawimbi hakuambiwa neno. Kwa hiyo, hata kabla waya haujachomekwa, matapeli sebuleni walikuwa wawili, na kila mmoja alimwonea mwenzake huruma.

Ilipokaribia adhuhuri sebule ilijaa. Mshonaji alikuja na tepu yake ya kupimia shingoni na kigoda chini ya kwapa. Kinyozi alifunga kibanda chake na kuja na mkewe. Fundi Mawimbi alipiga magoti mbele ya king'amuzi kama mtu anayetambika, akachomeka waya wa manjano nyuma yake, akaficha ncha ya pili chini ya kisanduku, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

"Aaaa!" sebule nzima ikasema.

"Sasa," Fundi akasimama, akajifuta mikono ambayo haikuwa na vumbi. "Intaneti imeshaingia. Lakini intaneti, mabibi na mabwana, ni kama ndizi. Imeingia mbichi. Ukiifungua leo itakuunguzia mashine. Intaneti inavundikwa! Iacheni hapo, msiiguse, msiipulizie, na kesho saa kama hizi mtaikuta imeiva. Mimi nitapita." Akainama kuchukua tenga lake.

Hotuba hiyo ilikuwa imemtoa salama katika nyumba nyingi. Kesho ilipofika, yeye alikuwa mtaa mwingine, akivundika.

"Hewala," alisema mama mwenye nyumba. Akaenda mlangoni, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautumbukiza kifuani, mahali ambapo mwanamume mwenye adabu hapeleki hata macho. "Basi tuivundike wote. Wewe mgeni wetu, mwanangu. Kula utakula, kulala utalala hapo kwenye kochi, mpaka iive."

"Mama, mimi nina wateja!"

"Na mimi nina wapangaji."

"Na mimi nimechangia," alisema mshonaji, akaketi kwenye kigoda chake kwa uzito wa mtu asiyeondoka.

Fundi hakulishika lile neno *nimechangia*. Jasho lilikuwa limeshaanza kumtoka. Alitazama dirisha: ghorofa ya pili, na chini ni mfereji. Alitazama mlango, akatazama mahali ufunguo ulipo, akakata tamaa kwa heshima.

"Hakuna njia ya kuiharakisha kidogo?" aliuliza kinyozi. "Ndizi nazo wengine huzitia moshi."

Ndipo Fundi Mawimbi akaona mlango mmoja tu umebaki wazi, nao ulikuwa wa ajabu kuliko yote: kuifanya ile kazi kweli.

Alipiga magoti tena, safari hii magoti yakagonga sakafu. Kwa kuwa alikuwa tayari ameshapiga magoti, aliona asipoteze nafasi. Akafumba macho, akanong'ona:

"Ee Mola wangu. Najua hatujazungumza siku nyingi. Na mara ya mwisho niliahidi mambo, nisiyataje. Leo sikuombi utajiri. Nakuomba hiki kitu kiwake. Kiwake tu, nitoke. Amina."

"Anaongea na nani?" mke wa kinyozi akauliza.

"Makao makuu," akajibu mshonaji.

Fundi akafumbua macho, akachukua rimoti. Kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara hii, akasoma maandishi ya kwenye kioo cha televisheni mpaka mwisho. Siku zote alikuwa akiishia mstari wa kwanza, kwa sababu ya haraka ya kuondoka. Kumbe maelekezo yalikuwepo, kwa Kiswahili safi, hayakumficha mtu: *Fungua Mipangilio. Chagua Mtandao. Chomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye king'amuzi.*

Kutoka kwenye ruta hadi kwenye king'amuzi!

Akautoa waya chini ya kisanduku cha sabuni. Ncha yake ilikuwa safi, haijawahi kuingia popote, kama kijiko cha wageni. Akaunyoosha mpaka juu ya kabati. Ukafika kwa shida. Akatafuta tundu nyuma ya ruta, akasukuma. Ukalia *tik*.

Kwenye kioo kiduara kikaanza kuzunguka. Sebule ikaacha kupumua. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasita kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha kikatoweka, na mahali pake likatokea neno moja kubwa:

*Imeunganishwa.*

Watu wakarukaruka. Kinyozi akamkumbatia mkewe, jambo ambalo mkewe alilitilia shaka. Mzee asiyesikia vizuri akalia, maana bado alidhani ni msiba. Na Fundi Mawimbi? Alibaki mdomo wazi mbele ya lile neno. Alikuwa ameshika vitu vingi maishani, vingi vikiwa vya watu, lakini hajawahi kushika kazi aliyoifanya mwenyewe ikafanyika.

"Imeiva!" alipiga kelele kuliko wote. "Jamani, imeiva kweli!"

"Mbona unashangaa?" mshonaji akauliza.

"Nashangaa uzuri wake, dada."

Alikuwa huru sasa. Ombi lake limejibiwa, mlango utafunguliwa, jogoo yuko kwenye tenga. Laiti angeomba ufunguo dakika hiyo. Lakini sifa ni gundi. Alitaka aone kidogo tu, kipindi cha kwanza cha mkono wake.

Mama mwenye nyumba akachukua rimoti, akaenda Vipindi Vilivyopita, akaenda Alhamisi, akabonyeza Tumekuona. Muziki ukapiga. Mtangazaji mwenye miwani akatokea, akakunja mikono.

"Ndugu watazamaji," akasema, "leo tunawaletea mtu mmoja anayezunguka mitaani akijiita fundi wa makao makuu. Anauza kisanduku cha sabuni."

Fundi Mawimbi akafumba macho haraka. "Mola wangu, lile ombi la kwanza, nalirudisha. Kizime! Kizime!" Lakini mbinguni sala ikishajibiwa hairudishwi kama shati lisilokutosha. Na umeme, ule umeme uliokatika Alhamisi bila kuulizwa, leo ulikuwa imara kama nguzo.

Kwenye kioo alionekana mwanamume kwa nyuma, amepiga magoti mbele ya king'amuzi cha watu; alipojipinda kidogo, kalamu zikachungulia mfukoni. Waya wa manjano. Kisanduku cheusi. Taa nyekundu.

Sebuleni macho yakaanza safari: kioo, kisanduku. Kioo, waya. Kioo, Fundi.

"Anafanana na wewe," mke wa kinyozi akasema.

"Mimi? Simjui huyo mtu."

"Kalamu zake ni nne," mshonaji akasema.

"Kalamu kila mtu anazo! Nimesema simjui!"

Kinyozi akasimama polepole. Akakisogelea kioo. Akamzunguka Fundi mpaka nyuma, akatazama, akarudi kwenye kioo.

"Uso naweza kuusahau," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "Kisogo, hapana. Hicho kisogo chenye mikunjo mitatu nimekinyoa mimi mwenyewe leo asubuhi."

"Naapa, ndugu yangu, huyo mtu simjui hata kidogo!"

"Kokorikooo!"

Sauti ilitoka kwenye tenga. Hata mzee asiyesikia vizuri aliisikia.

Kinyozi hakumtazama tena Fundi.

"Sauti hiyo..." akasema. Akaliendea tenga, akavuta kanga. Jogoo mwekundu mwenye kishungi kilichopinda upande wa kushoto akainua shingo, akamtazama, akamwikia tena usoni kwa mapenzi. "Mwanangu! Jogoo wangu! Wa Jumatano! Wewe mwizi, kumbe na huyu umemchukua wewe?"

"Huyo nimelipwa!" Fundi akapiga kelele. "Huo ndio mshahara wangu! Muulize mwenye nyumba!"

"Mshahara gani? Sisi tumechanga pesa!"

"Pesa ipi? Sijaona pesa! Mimi nimepewa jogoo!"

Na wakati huohuo, kana kwamba alikuwa akingoja zamu yake, mtangazaji mwenye miwani akasema: "Mkumbuke, ndugu watazamaji, kuunganisha king'amuzi na intaneti yako ya nyumbani hakuna malipo. Ni waya tu."

Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja, kama vichwa vya watu wanaotazama mpira, kuelekea kwa mama mwenye nyumba.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Kwa bahati mbaya mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na yeye ndiye aliyeufunga. Mkono ulikuwa kifuani ukitafuta, lakini ufunguo ulikuwa umeteremka ndani zaidi kuliko alivyokusudia.

"Shoga," mshonaji akamwita kwa upole wa kutisha, "unatafuta nini humo?"

"Pumzi tu, mwenzangu. Joto."

"Na kopo la biskuti nililoliona likiingia chumbani?"

"Biskuti."

"Ziletwe. Tuna njaa."

Kopo lililetwa. Hazikuwa biskuti. Kila mlango ukachukua mchango wake mbele ya macho ya wote, mzee asiyesikia akaambiwa hakuna aliyekufa, akasikitika kidogo kwa kuwa alikuwa ameshajiandaa. Kisha likabaki swali la watu wawili waliosimama katikati ya sebule, mmoja anatazama vidole vyake, mwingine anatazama kalamu zake.

"Tuite askari," kinyozi akasema, jogoo kwapani.

"Tukiita askari," Fundi akasema taratibu, "mtabaki na king'amuzi kimoja kilichounganishwa, na milango kumi na moja itaendelea kubanana humu kila umeme ukikatika." Alisema kwa ulimi uleule wa mawimbi, ila safari hii bila mapambo. "Jamani, mimi ni mwongo. Kipindi kizima kimesema, sina la kuongeza. Lakini lile neno lililotokea kwenye kioo nimeliandikisha mimi. Imeunganishwa. Mmeliona. Nipeni nafasi nilione tena."

Mshonaji akamtazama muda mrefu, kama anayekisia kitambaa kitatosha suruali au kaptula. Mwisho akavuta tepu yake shingoni.

"Sisi si mahakama," akasema. "Lakini tuko wengi na Mungu yupo. Mtaahidi, wote wawili, kwa sauti, tukisikia. Mama aanze."

Mama mwenye nyumba akakohoa. "Naahidi sitachangisha tena kwa kitu cha bure."

"Na jogoo?"

"Na jogoo wa mtu akiingia jikoni kwangu, nitamwambia mwenyewe kabla sijamwambia mgeni."

Ikapita. Macho yakahamia kwa Fundi Mawimbi. Yeye akatoa kalamu tatu mfukoni, akaziweka juu ya kile kisanduku cha sabuni, akabaki na moja. Akalikabidhi begi kwa mshonaji kuwa rehani, akaacha waya wa manjano palepale ulipo, kutoka kwenye ruta hadi kwenye king'amuzi. Akaweka mkono kifuani. Jogoo akainua shingo, akamkodolea jicho moja, tayari.

"Mbele ya Mungu," akasema, "mbele ya kinyozi aliyekijua kisogo changu, mbele ya mama, dada, mzee, na huyu jogoo, naahidi: jengo hili lote nitaliunganisha bure, kila mlango kwenye ruta hii ya mama. Kisha nitarudi kila nyumba niliyowahi kuvundika, nibishe hodi, nitukanwe nikivumilia, waya ninunue mimi. Na kila waya nitauchomeka pande zote mbili."